Mzigo Hausaini

Kemilembe alipimwa mara tatu asubuhi ile, na mara zote tatu sakafu ya kupimia uwanjani ilisema lile lile: yeye kilo hamsini na nane, kiti chake kilo mia moja thelathini na nane. Mara ya pili aliambiwa asogee mbele kidogo. Mara ya tatu arudi nyuma. Alitii, ingawa alijua mtu hapungui kwa kusogezwa, na alijua pia kwamba binti wa kaunta, Yunisi, alikuwa anavuta muda tu, kwa sababu kuna jambo ameliona kwenye skrini yake na hataki liwe kweli.

Kiti chenyewe alikiita Shemeji. Watu wakimuuliza kwa nini, alijibu kwamba kinambeba kutwa nzima bila kumnunia na bado si mume wake. Kilikuwa kiti mwendo cha magurudumu sita, chenye uwezo wa kupanda ngazi, na mkanda mpana uliomzunguka mbavuni. Tangu alipoanguka kutoka ghorofa ya pili ya jengo alilokuwa akilisimamia, akiwa na miaka ishirini na minne, Kemilembe hakuwa na nguvu kuanzia chini ya kifua. Mkanda ule ulisikia mwili ukianza kuinama kabla yeye mwenyewe hajajua, ukamnyoosha. Kila robo saa kiti kilimgeuza kidogo ili ngozi isichubuke. Bila Shemeji angeweza kukaa wima nusu saa hivi, na baada ya hapo angekuwa mtu wa kuegemezwa ukutani.

"Mama, ndege imezidi," Yunisi alisema hatimaye. "Kilo themanini na tatu."

Ndege za mafuta za zamani zilikuwa na huruma ya aina yake, maana zilipungua uzito njiani. Ya umeme haina huruma hiyo. Betri iliyojaa na betri iliyoisha zina uzito uleule, kwa hiyo ndege hutua na kila kilo iliyoruka nayo, na uwanja wa Bukoba ni mfupi na mwisho wake ni ziwa. Ndiyo maana siku hizi kila mtu na kila kitu hupimwa, na anayeamua nini kipande na nini kibaki si binadamu tena. Ni mfumo uitwao Mizani, ambao mhudumu anaweza kuusoma lakini hawezi kuubishia. Yunisi alikuwa amevaa sare nzuri na beji ya dhahabu, na mamlaka yake yote yaliishia kwenye kugeuza skrini upande wa abiria.

Akaigeuza. Kemilembe akaona vibonyezo viwili. Kimoja kiliandikwa NADAI na kingine NAACHIA, na chini yake maelezo mafupi: akidai kiti chake, mzigo namba nne utabaki, akikiachia, kiti kitaletwa kwa safari ya Alhamisi. Alikuwa na dakika ishirini za kujibu.

Aliuliza mzigo namba nne ni nini. Yunisi aliinua macho. Alitazama mlango wa kioo, na Kemilembe akageuza kiti kutazama alikotazama.

Nje, chini ya kivuli cha paa la mizigo, kulikuwa na jeneza. Lilikuwa jeneza kubwa la mninga, limeng'arishwa mpaka mawingu yanaonekana juu yake, na vishikio vya shaba kila upande. Lilizungukwa na wanaume watatu wa makamo waliovaa suti nyeusi katika joto la Dodoma, na kikongwe mmoja aliyekaa kwenye ukingo wa saruji, miguu ameinyoosha, mfuko wa kitenge mapajani.

*

Kilichotokea kilikuwa rahisi kukielewa, na kilikuwa kosa la kibinadamu kabisa. Wana wa marehemu walikata tiketi ya mwili wa baba yao siku tatu nyuma, wakaandika kilo tisini, maana walikusudia jeneza la kawaida. Jana jioni wakakaa kikao. Mmoja akauliza wakwe watasema nini, mwingine akakumbusha kwamba jirani alizikwa kwenye jeneza lenye dirisha la kioo, na kufika usiku walikuwa wameshanunua mninga. Mzee alikuwa na kilo hamsini na mbili. Pamoja na heshima aliyopewa na wanawe, sasa alikuwa na mia moja sabini na tatu.

Na mazishi yalikuwa leo saa kumi alasiri. Kaburi lilikwisha kuchimbwa tangu jana, na kaburi haliachwi wazi likalala mara mbili. Barabara nayo ilikatika Biharamulo tangu mvua za wiki iliyopita. Ndege ya kesho haikuwapo.

Katika chumba cha kungojea walikuwamo abiria kumi na wanne. Mzee mmoja mwenye kofia ya pama alisimama katikati, akakohoa kidogo kama mwenyekiti wa kamati ya harusi, akasema kwamba jamani, hapa tupo watu, kilo themanini na tatu ni kitu gani, kila mmoja atoe kilo sita, msiba si wa mtu mmoja. Zamani maneno kama hayo yangetosha. Watu wangefungua mabegi papo hapo, viatu na masufuria yakatoka, na mtu mmoja akajitolea kuandika majina. Safari hii watu walitazama sakafu. Wengine walijitia kutafuta kitu kwenye simu.

Mama mmoja wa pembeni ndiye aliyesema lililokuwa mioyoni mwa wote. Alisema mwaka juzi walichangia hivyo hivyo, kwenye njia hii hii, kwa ajili ya mgonjwa aliyelala kitandani na mitungi yake ya hewa. Kila mtu alitoa kilo nane na wakapiga makofi. Wiki iliyofuata walipokuja kusafiri, posho ya mzigo ilikuwa imeshuka kutoka kilo ishirini na tano mpaka kumi na saba, na haijapanda tena. "Sasa tunakwenda kwetu na soksi na mswaki," alisema. "Mkono mtupu haulambwi, nanyi mnajua."

Mzee wa kofia akakaa. Hakukuwa na wa kumlaumu yule mama.

Mizani haikuwa na roho mbaya. Ilikuwa na kumbukumbu tu. Kila mtu alipoacha kitu kwa hiari, iliandika kwamba kitu hicho kinaweza kuachwa, na kesho yake ikapanga safari kana kwamba kimeshaachwa. Waliouunda mfumo huo waliita jambo hilo somo. Wahenga walisema wema hauozi, na kumbe walisema kweli: ndani ya Mizani wema hauozi, unahifadhiwa, kisha unadaiwa kwa watu wasiohusika.

Hilo Kemilembe alilijua kuliko wote mle ndani, kwa sababu alikuwa mmoja wa watu saba wa Tume iliyoandika kanuni za abiria miaka tisa iliyopita. Yeye ndiye aliyeandika, kwenye meza yake ya jikoni, kifungu kilichobandikwa sasa katika kila uwanja wa ndege: *Kifaa kinachobeba mwili usioweza kujibeba ni sehemu ya mwili huo, na hakitahesabiwa kuwa mzigo.* Kwa hiyo alijua hasa kitakachofuata akibonyeza NAACHIA. Mizani ingejifunza kwamba kwenye njia ya Bukoba viti mwendo huachwa. Mwezi ujao mwalimu Rutashobya wa Muleba, aendaye kliniki kila mwezi na mashine ya kupumulia iliyofungwa kwenye kiti chake, angeombwa naye akiachie, na angeombwa bila kuambiwa kwa nini.

Hata hivyo alimuuliza Yunisi, kwa matumaini kwamba kanuni zimebadilishwa bila yeye kuambiwa: akiachia leo, somo linafutwaje siku hizi?

"Vilevile kama zamani, mama. Abiria aliyefaidika anasaini ndani ya saa ishirini na nne kwamba nafasi aliipata kwa hisani. Yule mgonjwa wa mwaka juzi alifariki kabla hajasaini, ndiyo maana." Yunisi akapunguza sauti. "Lakini leo atakayefaidika ni ule pale nje. Kwenye mfumo marehemu ni mzigo. Na mzigo hausaini."

Aliposikia neno mzigo Kemilembe alitazama pembeni. Si kwamba binti alisema vibaya. Alisema kama mfumo ulivyo.

*

Mwana mkubwa wa marehemu aliitwa Mutalemwa. Aliingia akijifuta jasho shingoni kwa leso iliyokunjwa vizuri, akamsalimia Kemilembe kwa heshima, akavuta kiti akakaa ili macho yao yawe sawa. Kemilembe alilipenda jambo hilo, watu wachache hulikumbuka, na kwa sababu hiyo mazungumzo yakawa magumu zaidi kwake.

Hakuja kugombana. Alieleza habari ya baba yake, fundi cherehani aliyesomesha watoto sita kwa kushona sare za shule, akaeleza habari ya kaburi, ya watu waliokwisha kukusanyika, ya ndizi zilizokwisha kumenywa. Kisha akageuka akaonyesha bango ukutani.

"Dada, nimekisoma kile kifungu nikiwa nimekaa pale nje. Kinasema kifaa kinachobeba mwili usioweza kujibeba ni sehemu ya mwili huo. Mwenye kuandika maneno yale alikuwa na akili. Sasa niambie wewe, baba yangu anaweza kujibeba?"

Kemilembe alikitazama kifungu chake. Alikuwa amekitetea mbele ya mawaziri na mbele ya wenye mashirika, na mawakili wawili wa kulipwa walishindwa kukitoboa. Mwana wa fundi cherehani alikitoboa kwa swali moja.

"Unakwenda kwa shughuli gani, dada, kama si vibaya kuuliza?"

Hilo ndilo swali alilokuwa akiliogopa. Alisema anakwenda kumwona mama yake.

"Ni mgonjwa?"

"Mzima," alisema Kemilembe. "Ni msimu wa senene."

Mutalemwa hakucheka wala hakukasirika. Aliitikia kwa kichwa polepole, kama mtu aliyeelezwa jambo kwa lugha ngeni na hataki kuonekana hajaelewa. Kemilembe aliona aibu, na papo hapo akaona hasira kwa ajili ya ile aibu. Abiria kumi na wanne walikuwa mle ndani, mmoja anakwenda kuangalia shamba, mwingine kumfuata mpenzi, na hakuna aliyeulizwa shughuli. Ni yeye tu anayetakiwa awe na mgonjwa ndipo apewe ruhusa ya kukaa. Mama yake alikuwa na miaka themanini na minne. Senene, panzi wale wa kukaangwa, hushuka siku nne au tano, na jana usiku alipiga simu akicheka kama msichana kwamba wameshuka, wamejaa kwenye taa ya barazani, njoo. Je, hilo si jambo?

Lakini pia alijua kukosa mazishi ni nini. Miaka kumi na mmoja nyuma, kabla ya Tume na kabla ya kifungu, alisafiri kwenda kumzika baba yake mwenyewe. Uwanjani walifunga karatasi ya mzigo kwenye kiti chake cha wakati huo akiwa bado amekikalia, kisha wakamnyanyua wakamweka kwenye siti, na kiti hakikufika. Nyumbani binamu zake walimbeba kwa kiti cha plastiki mpaka jikoni, wakamkalisha karibu na masufuria kwa kuwa hapo palikuwa na ukuta wa kuegemea. Walimpenda sana, kila mtu alimletea chai. Ulipofika wakati wa kutupa udongo wote walikwenda migombani, na hakuna aliyekumbuka kurudi kumchukua. Aliwasikia wakiimba. Alikaa pale akitazama moto, na siku ile ndipo alipoanza kukiandika kile kifungu kichwani, neno kwa neno.

Alimwambia Mutalemwa ukweli wote kuhusu somo: kwamba angekuwa peke yake angeachia, lakini akiachia leo atakuwa amewaachia na wengine ambao hawapo hapa kukataa. Mutalemwa alisikiliza mpaka mwisho. Alisema ameelewa. Alisema pia kwamba kitanda usichokilalia huwajui kunguni wake, na kwamba yeye leo amelala kwenye kitanda chake na kunguni anawaona. Akainuka, akarudisha kiti mahali pake.

Zilibaki dakika sita. Kemilembe alisogea kaunta akabonyeza NADAI. Yunisi akainamia karatasi zake.

*

Kikongwe wa ukingo wa saruji aliitwa Ma Kokubanza, na ndiye aliyekuwa mjane. Mpaka hapo hakuna aliyemuuliza kitu, maana wanawe waliona afadhali asisumbuliwe. Aliposikia mzigo namba nne unabaki, aliuliza mzigo huo una kilo ngapi. Akaambiwa. Akauliza tena, mume wake peke yake ana ngapi. Mutalemwa hakutaka kujibu, akasema mama, hayo tuachie sisi. Akauliza mara ya tatu, akajibiwa.

"Basi mume wangu hakuzidi," alisema. "Zilizozidi ni zenu."

Akaufungua mfuko wa kitenge. Ndani mlikuwa na lubugo, nguo ya gome la mti, ya rangi ya kutu, iliyopigwa kwa nyundo ya mti mpaka ikalainika. Ndiyo waliyozikiwa wazee wa Buhaya kabla ya mbao na vioo, na yeye alikuwa ameiweka sandukuni miaka arobaini kwa ajili ya yeyote atakayetangulia kati yao wawili. Aliibeba safarini ili aitandike ndani ya jeneza. Sasa alisema jeneza libaki, mzee avikwe lubugo, aende.

Wanawe walikataa. Walisema baba hawezi kuteremshwa kwenye ndege kama robota la nguo mbele ya watu. Mama yao aliwaachia waseme mpaka wakachoka. Kisha akasema kwamba baba yao aliishi miaka sabini na tisa bila kuwahi kumiliki kitu cha mninga, na akaomba aonyeshwe chumba chenye pazia.

Kazi ile ilichukua muda wa kuchemsha chai. Kemilembe hakuiona. Aliona tu wanawe wakitoka, macho mekundu, wamebeba machela ya uwanja, na juu yake mtu mdogo sana amefungwa katika nguo ya rangi ya udongo. Abiria wote wakasimama. Kemilembe hakuweza kusimama, akainamisha kichwa. Jeneza likabaki chini ya paa, tupu, likiwa limebeba mawingu yake.

Kemilembe alikutana na Ma Kokubanza mlangoni mwa ndege. Alisema shikamoo, akasema pole. Kikongwe akaitikia marahaba, akashika mkono wa kiti kupandia, kama mtu anavyoshika kitu cha nyumbani, na Shemeji akangoja mpaka alipopata nguvu ya hatua.

*

Safari ilikuwa ya saa moja na nusu. Kiti kilifungwa sakafuni kwa vibanio vinne, kila robo saa kikamgeuza. Aliona ziwa, aliona ndege ikigusa lami na kusimama bado kuna nafasi ya kutosha mbele yake, akafikiria kwamba kila kilo ilikuwa mahali pake. Alikuwa anangoja wengine washuke ndipo simu yake ilipolia kwa ujumbe wa Mizani. Ulitumwa kwake kwa sababu ndiye aliyedai, kwa hiyo kwenye mfumo ndiye aliyefaidika.

*Somo jipya, njia ya Bukoba. Maiti husafiri bila jeneza. Kuanzia Jumatatu majeneza hayatapangiwa uzito. Aliyefaidika anaweza kufuta somo hili ndani ya saa 24.*

Aliusoma mara mbili. Akainua macho akamtazama Ma Kokubanza akiteremshwa ngazi na mwanawe, polepole, mfuko wa kitenge umebaki mtupu begani. Kikongwe yule alitoa kitu chake mwenyewe kwa ajili ya siku moja, na Mizani ilikuwa imekwisha kukitoa kwa niaba ya wajane wote watakaokuja, wawe na lubugo au wasiwe nayo.

Fomu ya kufuta ilikuwa fupi. *Mimi niliyetajwa hapa chini nilipata nafasi yangu kwa hisani ya* — kisha nafasi ya jina — *na si kwa haki.* Kemilembe aliifahamu. Alikipinga kifungu hicho mwezi mzima kwenye Tume. Alisema hakuna mtu mwenye ulemavu atakayetiwa kalamu mkononi akiri kwamba kukaa kwake ni msaada wa watu. Alikuwa amelifuta neno hisani katika kanuni zote mia na nne, na hapo tu alishindwa, kura nne kwa tatu. Alijua na gharama yake. Kwa mwaka mzima jina lake lingekaa kwenye orodha ya wasaidiwa, na kila akitaka kusafiri angehitaji kibali cha ofisa kabla ya kudai. Vibali vingine huchukua wiki. Senene huchukua siku nne.

Alijiuliza kama ni kweli. Alidai, hilo ni kweli, na sheria ilikuwa upande wake. Lakini sheria ingemfikisha hapa yeye tu, na kumwacha mzee chini ya paa la Dodoma. Wote wawili wamefika, na hilo halikuwa la sheria. Lilikuwa la mwanamke aliyefungua mfuko wake. Kemilembe aliona uchungu, akaona na nafuu, vyote kwa pamoja, akaandika jina la Ma Kokubanza bint Rwiza kama alivyolisikia likiitwa langoni, akasaini.

*Somo limefutwa*, Mizani ilijibu.

Akampigia simu mama yake, akamwambia amefika salama, lakini atachelewa, ana msiba. Mama aliuliza msiba wa nani. Alipoanza kueleza, mama alimkatiza, akasema Kaijage fundi cherehani, nani asiyemjua, alimshonea yeye Kemilembe sare ya darasa la kwanza. Nenda, akasema. Senene nimeshawachambua, hawaruki tena.

*

Nyumba ya marehemu ilikuwa juu ya kilima, na njia ya kwenda makaburini ilipita katikati ya migomba, imelowa mvua ya mchana. Watu walikuwa wengi. Walipoona mwili umekuja kwa lubugo, wazee wachache walishika midomo yao, na mmoja akaanza kulia kwa sauti, akasema hajaona mtu akizikwa kiungwana hivyo tangu utoto wake. Mutalemwa alisikia. Alitazama chini, akalegeza tai.

Shemeji alipanda kilima kwa magurudumu yote sita, akiteleza mara moja tu, mkanda ukimshika Kemilembe mbavuni kila njia ilipoinama. Hakuna aliyemwambia angoje jikoni. Ukafika wakati wa udongo. Waliingia wana, wakaingia wajukuu, kisha majirani, na watu walikuwa wamebanana kando ya kaburi kiasi kwamba kiti hakingepita. Kemilembe akabaki nyuma yao, akisikiliza wimbo, na kwa kitambo alirudi karibu na yale masufuria ya miaka kumi na mmoja nyuma, siku ya kumzika baba yake.

Mutalemwa alimwona. Alikuwa na koleo mkononi na tope mpaka magotini, suti imekwisha. Alimtazama kwa muda mrefu kidogo kuliko ilivyo adabu, na Kemilembe hakujua kama atageuza uso.

"Mpisheni," Mutalemwa aliwaambia watu. "Huyu alikuja na baba."

Wakapisha. Kiti kikasogea mpaka ukingoni, kikasimama, kikajiinamisha mbele taratibu kama alivyokiagiza, mkanda umemshika. Kemilembe alinyoosha mkono mpaka chini, akachota udongo mwenyewe, akautupa. Ulikuwa mzito na wa baridi. Akachota tena mara ya pili, na hiyo haikuwa ya mzee Kaijage, na aliyejua hivyo ni yeye tu.

Alifika kwa mama yake giza likiingia, mikono ina tope mpaka kwenye kifundo. Mama aliuliza kama anataka maji ya kunawa. Alisema bado kidogo, basi mama akavuta kigoda karibu na kiti, akawa anamlisha senene mmoja mmoja.